Wasomaji Wanauliza: Vitabu vya Kusomea Nyumbani Visitumalize

Barua nyingi za safari hii zimetoka mkoa wa Tanga, na zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtoto au kijana anasomea nyumbani, vitabu ni ghali, fedha haitoshi. Tumejibu saba. Aliyebanwa zaidi asome jibu la kwanza kabla ya kwenda dukani, maana fedha nyingi hupotea kwa vitabu ambavyo havikuhitajika kabisa.

Asalaam alaykum. Mwanangu wa darasa la nne ana selimundu na hulazwa mara kwa mara. Nimekubaliana na mwalimu mkuu jina libaki shuleni, lakini kwa vipindi virefu anasomea nyumbani na mimi. Duka limeniandikia orodha ya vitabu ishirini na sita, nimeishiwa nguvu. Nianzie wapi?
*Mama wa watoto watatu, Makorora*

Waalaykum salaam, dada, na pole kwa kuuguza.

Orodha ya duka iweke pembeni kwanza. Kitu cha kuanza nacho ni muhtasari wa masomo unaotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), kwa sababu ndio unaosema mtoto atajifunza nini. Muombe mwalimu wa darasa akuonyeshe. Kisha shika kalamu, pitia orodha ya duka, na mbele ya kila kitabu andika herufi moja: K kwa kiada, Z kwa ziada. Kitabu cha kiada hufuata muhtasari mada kwa mada, na kwa shule za msingi huandaliwa na TET, kimoja kwa kila somo. Vya ziada ni vile vya mazoezi, vya maswali na majibu, vya marudio na vya hadithi. Vina kazi yake, lakini mtoto anaweza kumaliza mwaka bila hivyo. Kwa darasa la tatu hadi la sita, mtaala mpya una Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, na Sanaa na Michezo, mbali na dini na lugha za hiari. Ishirini na sita vimekuwa saba.

Hata hivyo saba usivinunue vyote. Nunua vitatu vinavyofunguliwa kila siku: Hisabati, Kiswahili na Kiingereza. Vinne vilivyobaki viazime shuleni. Shule hupelekewa vitabu vya kiada kwa ajili ya wanafunzi wake, na mwanao ni mmoja wao. Omba upewe kwa wiki mbili mbili, mwandikishiane jina la kitabu, hali yake na tarehe ya kurudisha, mtie sahihi wote wawili. Hali ya kitabu isisahaulike kuandikwa, maana ugomvi mwingi wa kuazimana huanzia kwenye jalada lililochanika ambalo hakuna anayejua lilichanika lini. Maktaba ya Mkoa pale mjini nayo uiendee, hasa kwa vitabu vya hadithi. Kununua hadithi ambayo mtoto ataisoma mara moja akaiacha ni fedha inayouma.

Kiongozi cha mwalimu cha Hisabati kiazime pia, hata kwa siku chache. Mzazi hukwama kwenye hesabu za sehemu na vipimo kuliko kwingine, na mara nyingi jibu analijua. Tatizo ni kwamba njia aliyofundishwa yeye zamani siyo anayoifuata mwalimu wa leo, mtoto akirudi darasani anachanganyikiwa. Na kwa maandalizi yako mwenyewe, TET ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bure. Fungua kwa simu usiku, soma mada ya kesho, andika mambo manne matano kwenye daftari. Mtoto hahitaji kukaa mbele ya simu hiyo.

Je, naweza kumtoa mwanangu shule ya msingi moja kwa moja, nimfundishe mwenyewe, ili kupunguza gharama?
*Baba, Muheza*

Hapana, ndugu yetu, si kwa sababu hiyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikisha umri wa miaka 7, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi husajiliwa kupitia shule. Shule za serikali hazitozi ada tangu 2016. Ukimtoa, vitabu ambavyo sasa anavikuta darasani vitahamia mfukoni mwako. Kama kuna jambo zito, mfano ugonjwa, ulemavu au umbali, anzia kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata, mwafikiane kwa maandishi kama alivyofanya dada wa Makorora.

Kuna wauzaji wa vitabu vilivyotumika, bei ni nusu au chini ya hapo. Nitajuaje kipi kinafaa? Nina mapacha wa darasa la tatu, na je, ninunue nakala mbili mbili?
*Baba wa mapacha, Ngamiani*

Swali la kwanza la kumuuliza muuzaji lisiwe la bei. Fungua kurasa za mwanzo, zile zenye jina la mchapishaji na mwaka wa toleo, utazame kitabu kimeandikwa kwa mtaala upi. Mtaala mpya wa 2023 ulianza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, kisha ukapanda nao mwaka hadi mwaka. Kanuni ni rahisi: mtoto aliyekuwa darasa la tatu au chini yake mwaka 2024 anasoma mtaala mpya. Aliyekuwa darasa la nne au juu yake anamaliza na ule wa zamani. Mapacha wako wamo kwenye mpya. Kitabu cha Maarifa ya Jamii cha kaka yao kiwe kizuri namna gani, hakitawafaa, kwa kuwa somo hilo halimo tena. Mahali pake pameingia Jiografia na Mazingira pamoja na Historia ya Tanzania na Maadili. Hapa ndipo wazazi wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu vitabu vya zamani ndivyo vilivyojaa sokoni na ndivyo vya bei ya chini.

Ukishaona mtaala ni wenyewe, kagua mwili wa kitabu. Tazama namba za kurasa, hasa nane za mwanzo na nane za mwisho, ndizo hudondoka. Kipinde katikati usikie kama gundi inalia. Ikilia, kitaachia kurasa ndani ya muhula. Angalia kama majibu yamejazwa kwa kalamu ya wino. Ya penseli yanafutika, ya wino yanamnyima mtoto zoezi. Kinuse: harufu ya ukungu ikishaingia kwenye karatasi haitoki kirahisi, na utaupeleka kwenye vitabu vyako vingine.

Jihadhari na nakala za kughushi. Zinajulikana kwa picha zenye ukungu wa wino, maandishi yaliyokatwa pembeni na karatasi nyepesi inayoonyesha upande wa pili. Kwenye Hisabati hasara yake ni kubwa: namba ndogo za sehemu huungana, 3/8 ikasomeka 3/6, na mtoto akakosa akidhani hajui. Atlasi nayo ina kipimo chake. Tafuta mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, iliyoanzishwa 2012. Kisha tafuta Songwe, ulioanzishwa 2016. Usipouona Songwe, hiyo atlasi iache hata kwa bei ya bure.

Kuhusu mapacha: Hisabati wapewe kila mmoja chake, kwa sababu wote wawili hufanya mazoezi saa ileile na mmoja atamaliza kabla ya mwenzake. Masomo mengine nakala moja inatosha, mmoja akisoma Sayansi mwingine yuko kwenye Kiswahili.

Na nunua mwishoni mwa Novemba au Desemba, shule zinapofunga, wakati familia zinatoa vitabu vya darasa lililopita. Januari wote tunakimbilia duka moja.

Nikishusha vitabu bure mtandaoni na kuvichapisha steshenari, si nitaokoa?
*Dada, Chumbageni*

Kwa kitabu cha kiada, hapana, na hesabu yake uifanye mwenyewe kabla hujatoka nyumbani. Steshenari huhesabu kila uso wa karatasi. Ikiwa wanakutoza shilingi 100 kwa uso, kitabu cha kurasa 180 kitakula shilingi 18,000, bado hujabana kwa spairo, na picha zote zitakuwa nyeusi. Uliza bei ya kitabu chenyewe dukani, ulinganishe. Zaidi ya hapo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwenye kazi. Kutoa kopi ya kurasa mbili za mazoezi ya mwanao hakulingani na kurudufu kitabu kizima.

Kuchapisha kunalipa kwenye vitabu vifupi vilivyotolewa kwa leseni huria. Mradi wa African Storybook una hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, zinazoruhusiwa kuchapishwa na kugawiwa bure. Hadithi ya kurasa 16 huingia kwenye karatasi 4 tu za A4 zilizochapishwa pande zote na kukunjwa katikati. Mwambie fundi wa steshenari achague mpangilio wa kijitabu. Asipoujua, mwandikie: karatasi ya kwanza ina kurasa za 16 na 1, nyuma yake 2 na 15; ya pili 14 na 3, nyuma 4 na 13; ya tatu 12 na 5, nyuma 6 na 11; ya nne 10 na 7, nyuma 8 na 9. Nyuso nane kwa shilingi 100 ni shilingi 800.

Mambo mawili huharibika hapo. La kwanza, nyuma ya karatasi hutoka kichwa chini. Dawa yake ni kuchagua igeuzwe kwa upande mfupi, na kujaribu karatasi moja kabla ya kuchapa zote. La pili, idadi ya kurasa isiyogawanyika kwa nne. Hadithi ya kurasa 14 iongezewe kurasa mbili tupu mwishoni, mtoto achore humo. Kumbuka pia kwamba maandishi ya A4 yakiingia kwenye nusu ya karatasi hupungua hadi kama asilimia 70 ya ukubwa wake, kwa hiyo kwa mtoto anayeanza kusoma chagua hadithi zenye herufi kubwa na sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Bana katikati kwa uzi, pini zitashika kutu. Jibu linalofuata linaeleza sababu.

Wanangu, wajukuu watatu nimeachiwa na vitabu vyao. Masika ikipita vinaota ukungu, pini zinaoza, majalada yanabaki mkononi. Kila mwaka tunanunua upya. Kuna la kufanya?
*Bibi, Pangani*

Shikamoo, bibi. Lipo, tena si la gharama.

Adui wa vitabu vya pwani ni unyevu wenye chumvi. Ukungu huota mahali ambapo hewa haipiti, na pini za stepla hushika kutu haraka, kutu ikala karatasi kuizunguka mpaka ukurasa unachomoka na tundu lake. Kwa hiyo vitabu visiegemee ukuta wa nje. Acha nafasi ya vidole vinne nyuma yake. Visimame wima, visibanane, na miguu ya rafu isimame ndani ya makopo yenye oili chafu ili mchwa wasipande, makopo yawekwe mahali wajukuu hawafiki. Wengi hufunga vitabu ndani ya mifuko ya nailoni masika ikianza. Kama kitabu kiliingia na unyevu wake, nailoni inaufungia ndani na ukungu unastawi. Jalada la nailoni halina ubaya likifunika nje tu, bila kugundishwa pembeni. Karatasi ya kaki ni nzuri zaidi, kwa kuwa inapumua.

Kitabu kilichokwisha kuota usikifute kwa kitambaa kibichi. Kisimamishe wima, kurasa zimeachana, kivulini penye upepo, siku mbili tatu hadi kikauke kabisa. Usikianike juani, jalada litapinda na wino utapauka. Kikishakauka kitoe nje, jifunge kitambaa puani, upanguse kwa brashi kavu kutoka kwenye mgongo kwenda nje. Wajukuu wasikae karibu, hasa mwenye pumu.

Sasa kushona. Kitabu chembamba kilichobanwa katikati: inua pini kwa ncha ya kisu, zitoe, halafu pitisha sindano yenye uzi wa viatu kwenye matundu matatu, moja katikati na mawili ya pembeni. Anzia ndani tundu la katikati, toka nje, ingia la juu, shuka kwa ndani hadi la chini, toka nje, rudi katikati uingie ndani. Funga fundo juu ya uzi mrefu ili usiteleze.

Kitabu kinene cha gundi kina njia yake. Kwanza kusanya kurasa zote, zigonge mezani zilingane upande wa mgongo. Zibane kati ya vibao viwili kwa kamba. Kwa msumari mwembamba na nyundo, toboa matundu milimita 6 hadi 8 kutoka ukingo wa mgongo, kila sentimita 3. Ukizidisha sentimita moja, maandishi ya ndani yatamezwa na mjukuu atashindwa kusoma mwanzo wa mistari. Ukikaribia mno ukingoni, karatasi itachanika. Shona kwenda na kurudi ili kusiwe na nafasi isiyo na uzi. Kisha paka mgongo gundi nyeupe ya mbao, nyembamba, ulaze juu yake kipande cha khanga kuukuu kinachozidi sentimita 3 kila upande, na juu ya kitambaa hicho gundisha majalada ya boksi. Weka karatasi ya nailoni kati ya jalada na ukurasa wa kwanza, la sivyo vitashikana. Kandamiza kwa jiwe zito usiku kucha.

Gundi ya uji wa muhogo iliyozoeleka tunakuomba uiache kwa kazi hii. Inashika vizuri, lakini ni chakula cha mende, watakula mgongo wote. Na fanya kazi hii Desemba hadi Februari, karatasi zikiwa kavu.

Wanangu wawili wanasomea nyumbani mtaala wa Cambridge. Vitabu vya kidato vinaletwa kutoka nje, bei inatisha. Lazima matoleo mapya?
*Mzazi, Raskazone*

Silabasi zake, yaani mihtasari ya masomo, ni bure kwenye tovuti ya Cambridge International, na kila moja ina namba na miaka yake ya mtihani. Shika namba hizo kabla ya kitabu: Hisabati ya IGCSE (mtihani wa Cambridge unaokaribiana na wa kidato cha nne) ni 0580, Biolojia 0610, Kemia 0620, Fizikia 0625. Kitabu chenye muhuri wa kuidhinishwa husaidia, lakini mtahini hupima silabasi, kwa hiyo toleo la nyuma linaweza kukufaa ukilipitia na silabasi mkononi, ukaweka alama mada iliyoongezwa na iliyoondolewa. Kwenye 0580, kwa mfano, kuanzia mitihani ya 2025 kuna karatasi inayofanywa bila kikokotoo. Kitabu cha zamani bado kinafundisha hesabu zilezile, ila mazoezi ya kukokotoa kwa mkono utayaongeza mwenyewe. Vitabu vya bure vya Siyavula kutoka Afrika Kusini vina mazoezi mengi ya hisabati na sayansi. Vitumie kwa mazoezi tu, mpangilio wa mada si uleule.

Vitabu vya kazi vya kujaza ndani ndivyo vinavyomaliza fedha, kwa kuwa mtoto wa pili hawezi kuvitumia. Amri iwe moja nyumbani: hakuna kuandika ndani ya kitabu. Majibu yaandikwe kwenye kaunta buku, ukurasa na namba ya swali pembeni. Kwaya (quire), kipimo cha unene wa daftari hilo, moja ni kurasa 96, basi ya kwaya mbili yenye kurasa 192 hutosha somo moja kwa mwaka. Vielelezo vya kujaza, kama ramani na grafu, vinakiliwe kwa karatasi nyembamba.

Tuko vijana watatu, watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. Tunachanga. Tununue nini?
*Kijana, Korogwe*

Vijana wetu, anzeni na vya bure. Baraza la Mitihani, NECTA, huweka kwenye tovuti yake fomati za mitihani, mitihani iliyopita na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizo taarifa za uchambuzi wengi hawazijui. Zinachukua swali moja moja, zinaonyesha waliopata walijibu vipi na waliokosa walikosea wapi, pamoja na sampuli za majibu. Shusheni mahali penye intaneti ya bure, mrushiane kwa Bluetooth. Fomati iwe ya mwaka mnaofanya mtihani. Katika fasihi, orodha ya vitabu teule ithibitisheni kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwenye kununua, kila mmoja awe na cha Hisabati chake. Masomo mengine nakala moja moja, izunguke kwa siku maalumu za wiki, mfano Jumamosi ndiyo siku ya kubadilishana. Anayechelewesha asipewe kingine mpaka arudishe. Agizeni vyote kwa mkupuo mmoja kama vinatoka Dar es Salaam, kwa sababu nauli ya kifurushi kwenye basi ikigawanywa kwa watatu haitawaumiza. Andikeni mapema nani atabaki na kitabu kipi mtihani ukiisha, na mwenye kujitoa katikati atarudishiwa nini. Ada ya usajili wa mtihani iwekeni mbali na mchango wa vitabu. Usajili huja mwanzoni mwa mwaka, wakati mfuko umeshatobolewa na vitabu, na anayechelewa hulipa faini juu ya ada.